Ya Baada ya Nzuri

"Mzee wa dirishani! Umekojoa leo?"

Swali lilitokea mlangoni mwa wodi ya wanaume, likapita juu ya vitanda vyote, likamfikia mzee aliyelala kitanda cha mwisho. Aliyeuliza ni muuguzi wa zamu, mwanamke ambaye wagonjwa walimbatiza Sista Redio, na hawakumwonea. Huyo hata akikunong'oneza siri, wodi ya pili wanaitikia. Hakuwa mtu mbaya, tuliseme hilo mapema. Alikuwa na vitanda vingi na miguu miwili tu, na mtu wa namna hiyo hujizoeza kuuliza maswali akiwa njiani.

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa. Kando ya kitanda alisimama mke wa mwanawe, Mama Pacha, themosi ya chai mkononi. Mzee alimtazama mkwewe, akautazama ukuta, kisha akajibu kwa heshima zote:

"Nzuri tu, mwanangu."

Wodi ikaangua kicheko. Jamani, mtu anaulizwa mkojo, anajibu salamu! Jirani yake, bwana mmoja aliyefungwa plasta mguu mzima, alicheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu. Mama Pacha hakucheka. Aliinamisha uso akajifanya anakaza kifuniko cha themosi, ambacho kilikuwa kimekazwa tangu nyumbani. Sista Redio alisikia "nzuri", akaridhika, akaenda kwa mwingine.

Mzee huyu mtaani kwao walimwita Fundi. Alishona nguo za watu maisha yake yote, mpaka magoti yakagoma na moyo nao ukachoka kusukuma damu. Sasa maji yalikuwa yanamjaa mwilini. Miguu imevimba, kifua kinakoroma, mpira wa hewa uko puani, na koti lake kuukuu limetundikwa kichwani mwa kitanda kwa sababu alikataa katakata lipelekwe stoo. Hii ilikuwa mara yake ya pili kulazwa kwa ugonjwa uleule. Mara ya kwanza walimrudisha nyumbani na vidonge vya kutoa maji, wakamweleza Mama Pacha jinsi ya kumpa, basi.

Daktari akaja. Kijana, mwepesi wa hatua, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alibonyeza mguu wa Fundi kwa kidole gumba, shimo likabaki palepale. Akazungumza na Sista Redio habari za kifua cha mzee kana kwamba mzee ni meza. Halafu akainua macho.

"Nyumbani nani anampa dawa?"

"Mimi," Mama Pacha akasema.

"Humpi."

"Nampa, daktari. Kila asubuhi."

"Mama, dawa ikiingia mwilini hali haiwi hivi. Tusidanganyane." Akaanza kuondoka, akageuka. "Akirudi tena hapa mara ya tatu, sijui. Moyo huu hauna nguvu ya mara ya tatu."

Fundi, kwa ule mlio wa hewa puani na pumzi zake fupi, aliambulia nusunusu. "Anasemaje?" akauliza.

"Anasema utapona, baba," Mama Pacha akamjibu, akammiminia chai.

Kumbe nyuma yao alikuwa amesimama wifi yake, binti pekee wa Fundi, na mkoba wake begani. Yeye hakuambulia nusunusu. Alisikia yote.

*

"Mimi sisemi kitu," wifi alisema jioni ile, na kila mtu katika ukoo ule alijua kwamba akianza hivyo ujue kazi ipo. "Mimi nasema alichosema daktari. Baba hapewi dawa. Sasa, akiruhusiwa, anakuja kwangu."

Walikuwa sebuleni kwa Mama Pacha. Mumewe, dereva wa lori la masafa, alikuwa ameomba ruhusa kazini na viatu vya safari vilikuwa bado miguuni. Pacha walikuwa wamepelekwa kwa jirani ili wakubwa wagombane kwa nafasi.

"Kwako atakaa na nani?" mume akauliza. "Si unatoka asubuhi unarudi jioni?"

"Bora akae na kuta. Kuta hazimnyimi mtu dawa."

"Wifi," Mama Pacha akasema, "mimi nimnyime baba dawa ili nipate nini?"

"Hilo utajibu wewe na Mungu wako." Wifi akachukua mkoba, akatoka bila kuaga, na mlango aliuacha wazi ili majirani nao wapate sehemu yao.

Mume akaufunga. Akakaa, akaanza kufungua kamba za viatu taratibu mno, kama mtu anayechelewesha jambo. Alikuwa mume mwema, hana makelele, na ndiyo maana alichokisema kilimuumiza mkewe kuliko yote ya wifi.

"Niambie mimi tu, tuko wawili. Dawa unampa?"

Mama Pacha alimtazama. Machozi yalikuja, akayarudisha. "Hata wewe?"

"Nauliza tu."

"Nampa. Kila asubuhi naweka kidonge kwenye kisosi, naweka na kikombe cha maji, naweka na kengele ya baiskeli ya watoto aigonge akinihitaji. Halafu natoka."

"Unatoka?"

"Ulitaka nikae? Nimsimamie baba mkwe nitazame koo lake likimeza, kama askari? Ningekuwa mke wa namna gani?"

Hata mume mwenyewe angeshangaa kumkuta mkewe amemsimamia baba yake hivyo. Alivua kiatu cha pili akakiweka pembeni ya mwenziwe.

Mama Pacha akaenda chumbani kwa mzee, kisingizio ni kufagia. Chumba kilikuwa safi, alikifagia asubuhi. Akakaa kwenye kigoda akatazama: fimbo, mlango wa uani, na kule ng'ambo ya uwanja, choo. Kutoka kitandani mpaka kule, magoti yale hayafiki bila mtu wa kumshika kwapani. Akifika, vidole vilivyovimba havifungui vifungo vya suruali. Na vidonge vile, kila mtu alijua, ukimeza kimoja asubuhi unakwenda haja mpaka mchana.

Akaanza kukumbuka. Wiki ambazo mumewe yuko nyumbani, mzee humeza, mwanawe humbeba akimtania, miguu hunywea. Lori likiondoka, miguu hujaa. Mbona hakuliona hili? Akakumbuka na siku moja ya mwanzoni, alipoingia akamkuta mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, suruali imelowa, uso umegeukia dirisha. Alimbadilisha, akapiga deki, akatoka. Hakusema neno, naye hakusema neno. Aliona hiyo ndiyo heshima. Siku ile mzee hakugusa chakula, na tangu siku ile ile kengele ya baiskeli haikulia tena.

"Masikini baba," alisema peke yake. Akamwita mumewe, akajaribu kumweleza. "Baba ananionea haya."

"Haya ya nini? Si mgonjwa?"

Akaona hapa hapati mtu wa kumwelewa leo. Sindano ya mzee ilikuwa imechomekwa kwenye kijimto chake pale dirishani. Asubuhi nyingi, kabla hajatoka chumbani, mzee alimwambia, "Mwanangu, nitungie uzi," maana macho yake hayakuliona tena tundu. Alimtungia, akamwacha akishonashona pindo la koti. Mazoea ya mkono, alijisemea. Fundi hastaafu.

*

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alimfuata Sista Redio.

"Sista, naomba neno moja."

"Sema, nakusikia," Sista akajibu, mgongo umeshafika kitanda cha nne.

"Si la kusema kwa sauti."

"Basi litakuwa la baadaye."

Akamfuata tena, akaambiwa kuna dripu inakwisha. Akamfuata mara nyingine, akaambiwa ngoja kidogo, mama, na kidogo hicho kikawa kirefu. Mwisho akamvizia kwenye beseni la kunawia. Mtu mwenye sabuni mpaka kwenye viwiko hana pa kukimbilia. Akamweleza yote pale pale, haraka, macho chini: lori likiwepo na lisipokuwepo, suruali iliyolowa, wifi, mpaka swali la mumewe.

"Mama, hapa hatuna mambo ya haya," Sista akaanza. "Hapa mgonjwa ni..." Maji yaliendelea kutoka bombani. "Jana nilipomuuliza, wewe ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo."

"Na wodi nzima inasikia."

"Nzima, Sista. Na walicheka."

Sista akafunga bomba. "Sasa mbona hukuniambia mapema?"

"Nakuambia tangu asubuhi."

Hilo lilimwingia. Alijifuta mikono kidole kimoja kimoja, akamwomba Mama Pacha akae nje kwenye benchi. Akaburuta pazia la magurudumu akalizungushia kitanda cha dirishani, akavuta kigoda kifupi, akaketi hata kichwa chake kikawa chini ya kichwa cha mgonjwa. Kisha akafanya jambo ambalo wodi ile haikuwahi kulisikia: akashusha sauti. Yule bwana wa plasta alipoona pazia limefungwa na redio imezimika, alimwuliza mwenziwe kwa hofu kama mzee amefariki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Unaendeleaje?"

"Nzuri tu."

Hapo ndipo siku zote alipokuwa akiondoka. Hakuondoka. "Nzuri nimeisikia," akasema. "Leo nimekuja kusikiliza ya baada ya nzuri."

Fundi akamtazama. Akatazama pazia. Nje mtu alikuwa akimwita Sista, na sindano za saa nne zilikuwa zinamsubiri, na ulimi wake ulimwasha kweli kweli. Aliuuma. Katika kazi zote za zamu ile, hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote.

"Yule ni mkwe wangu," mzee akasema mwishowe.

"Najua."

"Hujui." Akavuta pumzi. "Mimi nimepima wanawake wa mtaa mzima. Akija kupimwa, nampa ncha ya utepe aishike mwenyewe, aiweke mwenyewe mahali pake. Mimi natazama pembeni, nasoma namba tu. Hakuna aliyetoka kwangu ameinamisha uso. Leo mimi nifunguliwe suruali na mke wa mwanangu? Alishanikuta nimelowa siku moja. Akanisafisha, akanyamaza. Hata mumewe hakumwambia. Yule mtoto ana adabu, Sista. Angekuwa hana adabu, ningeweza."

"Kwa hiyo dawa humezi."

"Mwanangu akiwepo nameza."

"Utakufa, mzee wangu."

"Kufa ni kwa wote."

Sista akataka kubisha, akaona haitasaidia. Akasema jambo lingine. "Unajua mkweo anaambiwa nini huko nje? Anaambiwa anakunyima dawa. Daktari kamwambia hapa hapa mbele yako. Binti yako anataka akuchukue. Hata mumewe, jana kamwuliza."

"Daktari alisema nitapona."

"Nani kakwambia?"

"Mama Pacha mwenyewe..." Akaishia hapo. Mzee wa watu akalia, bila sauti, machozi yakipita kwenye mpira wa hewa. Alikuwa amedhani anaibeba aibu yake peke yake. Kumbe mzigo wote alikuwa amemtwika mtoto wa watu, na mtoto wa watu amenyamaza.

"Nitawaeleza mimi jioni," Sista akasema.

"Wewe?" Akajifuta macho kwa shuka. "Si mji mzima utasikia! Nitasema mwenyewe. Wewe niitie yule daktari."

*

Saa ya jioni walikuja wote. Mwanawe alisimama miguuni, binti kichwani, Mama Pacha nyuma kabisa karibu na pazia, kama mgeni. Daktari aliletwa na Sista Redio, ambaye alikuwa amemshika mkono wa koti lake jeupe asije akapata sababu ya kupotea.

"Nipe koti," Fundi akamwambia binti yake.

"Unasikia baridi, baba?"

"Nipe koti. Na Sista anipe mkasi."

Akalilaza koti juu ya magoti, pindo likiwa juu. Akaanza kulifumua. Vidole vilikuwa vimevimba lakini vilijua njia. Uzi ulikatika, kitambaa kikaachama, na kidonge cheupe kikaangukia shuka. Kikafuatwa na kingine. Akaendelea mpaka mshono wa pembeni, vikawa vinadondoka kama shanga zilizokatika, na binti yake akawa anaviokota bila kujua anaviokotea nini, viganja vikamjaa.

"Hizo ndizo dawa alizonipa mkwe wangu," Fundi akasema. "Hakukosa hata asubuhi moja. Nilizishona humu mimi."

"Lakini kwa nini, baba?" mwanawe akauliza.

Mzee akaushusha mkasi. Hili ndilo neno alilokuwa tayari kufa nalo, na sasa alitakiwa kulitoa mbele ya mwanawe, binti yake, daktari, na wodi nzima, kwa maana pazia ni kitambaa tu, na nani ajuaye hilo kuliko fundi cherehani? Akainua uso, akamtafuta Mama Pacha kwa macho.

"Kwa sababu zinakojoza. Na mimi nilikuwa naona haya kukojoa mikononi mwa mkwe wangu. Nimeacha asemwe yeye, ili nisisemwe mimi. Nisamehe, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Bwana wa plasta alijifunika shuka mpaka kichwani.

"Sasa uzi alikutungia nani?" mwanawe akauliza. "Wewe tundu la sindano huoni."

"Mimi," Mama Pacha akasema. "Mimi ndiye niliyemtungia." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na mumewe akamsogelea akasimama karibu naye, akashindwa aanzie wapi kuomba radhi.

Daktari alikuwa ameinama akitazama lile koti. "Mama, nilikuhukumu," akamwambia. "Nilipaswa kuuliza kwanza." Kisha akamgeukia mzee, na mara hii akamwambia yeye, si watu waliomzunguka. "Nawe, mzee, hatukukuuliza. Kidonge tunaweza kukupangia saa nyingine, lakini lazima umeze. Wewe unatakaje?"

Fundi alishangaa kuulizwa. Akafikiri kama anakata kitambaa. "Nataka chupa ya haja, hapo kitandani. Nataka pazia. Na yeye asinitazame." Akasita. "Lakini asiende mbali."

Wifi hakuomba msamaha. Koo lake halikuzoea neno hilo. Alivifunga vidonge kwenye leso, akatoka navyo nje, akakaa huko mpaka saa ya kutazama wagonjwa ikaisha. Walipokuwa wanaondoka alimwambia Mama Pacha, akitazama barabara: "Ile sindano ya baba ifungie kabatini. Asiione tena."

Siku ambayo Fundi aliruhusiwa, alirudi kwa Mama Pacha, na hakuna aliyetaja kwingine. Wifi alikuja na kitambaa kizito cha buluu. "Nilikuwa nacho tu kimekaa," akasema. Kilikuwa bado kina mikunjo ya dukani. Mama Pacha alikipokea, akamkaribisha chai, na wakainywa.

*

Mume alikaa nao wiki ile, akapiga misumari, akatundika pazia la kile kitambaa kando ya kitanda cha mzee. Kisha lori likamwita.

Asubuhi ya kwanza walipobaki wawili, Mama Pacha alileta kisosi na kikombe. Hakutoka. Alisimama, mikono haijui ikae wapi. Fundi alikiweka kidonge kwenye ulimi, akanywa maji, akafungua mdomo kumwonyesha kama mtoto wa shule.

"Askari ameridhika?"

"Ameridhika, baba," akasema, akacheka bila kutaka.

Akaenda kuosha vyombo. Aliosha vilivyokuwa vichafu, akaosha na vilivyokuwa safi. Ndani kimya. Akafunga bomba asikilize. Kimya. Akajiambia, mzee amerudi kule kule. Jua likapanda dirishani. Kengele ya baiskeli ilikuwa pale kwenye kigoda, na haikulia.

Kisha sauti ikatoka, nzito, imekwaruza.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

Mama Pacha alishika ukingo wa beseni. Sema, baba, alimwomba moyoni. Sema tu.

"Nataka kukojoa."

"Haya, baba," akajibu, kwa sauti ile ile ambayo angemjibu kama ameomba chai.

Akafuta mikono, akaenda. Alivuta pazia, akaupitisha mkono pembeni yake na chupa, uso ameuelekeza mlangoni. Akaisikia ikipokelewa. Mkono wake mwingine aliubakiza begani kwa mzee ili asiyumbe, naye hakuusukuma. Walikaa hivyo. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira, akajifanya anatazama nani atashinda.

Chupa ilirudi kwenye mkono wake, ina joto, imejaa kuliko alivyotegemea. Akaifunika, akaipeleka uani, akaimwaga, akaisuuza. Aliporudi pazia lilikuwa limeshasogezwa na Fundi alikuwa ameketi, amelishika kwa ncha, amekunja uso.

"Hili nani alilishona?"

"Mimi, baba."

"Pindo limepinda."

"Nitalifumua nilirudie."

"Utalipinda tena. Niletee sindano yangu."

Mama Pacha alisimama katikati ya chumba. Alimtazama usoni, na mzee hakukwepesha macho. Akaenda kabatini, akafungua, akatoa kile kijimto na kibunda cha uzi wa buluu. Akalitafuta tundu kwenye mwanga wa dirisha, akatunga uzi, akapiga fundo, akampa.